Muhula Shangazi Alipokatazwa Kusema

Shangazi yangu, dada wa baba, alifundisha darasa la kwanza tangu kabla sijazaliwa, na kilichompa jina mtaani kwetu ni sauti yake. Si sauti ya kuimba, maana hiyo hakujaliwa. Ilikuwa sauti ya kufika mbali. Akisema "ba" chumbani kwake, mwalimu wa chumba cha pili husimamisha somo lake, akasubiri amalize mpaka "bu", kisha akaendelea alipoishia. Wanafunzi walimwita Spika. Alilijua jina hilo, na nadhani alilipenda.

Mimi niliishi kwake. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa, mama muuguzi wa zamu za usiku, ikaonekana nikae kwa shangazi kwa kuwa nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka shuleni. Mumewe alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, ingawa si kwa kupenda kwake. "Mimi nikianza kusema jambo, yeye analimalizia," aliniambia siku moja akipiga randa ubao. "Siku hizi namwachia aanze mwenyewe, tusichoshane."

Nami nilipitia mikononi mwa shangazi nilipokuwa mdogo, kwa hiyo najua alivyokuwa akifundisha. Watoto walijaa pomoni, wanne wanne kwenye dawati la wawili, na wengine wamekaa mkekani mbele, karibu na ubao kiasi kwamba unga wa chaki uliwaangukia vichwani. Spika anasimama na fimbo ya kuonyeshea. Anasema, tunaitikia. Anasema tena, tunaitikia tena, mpaka ukurasa mzima wa kitabu unatoka kinywani mwetu kwa pigo moja kama watu wanaotwanga. Wageni wakija kukagua shule waliletwa kwanza darasa la kwanza. Walitoka pale wakitikisa vichwa kwa kuridhika, na Mwalimu Mkuu akitembea mbele yao amenyoosha mabega.

Sauti ilianza kukwaruza mwaka niliofika darasa la saba. Shangazi akadhani ni mafua. Akanywa maji ya moto yenye asali, akafunga shingo kitambaa, akaendelea kupaza. Kisha asubuhi moja alifungua kinywa aite majina, ukatoka upepo mtupu. Alijaribu tena. Watoto wakadhani ni mchezo mpya. Darasa zima likaanza kufungua na kufumba midomo bila kutoa sauti, wakimwiga, wakifurahi sana. Alisimama pale akiwatazama, kisha akatoka nje na kumwashiria mwalimu wa jirani amshikie darasa.

Nilimsindikiza hospitali. Daktari wa koo alimchunguza kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, akakaa, akavua glavu taratibu.

"Mwalimu, una vinundu pale sauti inapotokea," alisema. "Ni kama sugu za kiganja cha mtu anayelima. Umelima sana. Sasa lazima upumzike. Usiseme."

Shangazi akanong'ona, "Mpaka lini?"

"Na kunong'ona pia usinong'one. Huko ndiko kujikwaruza zaidi. Muhula mzima, halafu tutaangalia."

Alitoka hospitali akinitazama kwa jicho kali, utadhani mimi ndiye niliyempa hivyo vinundu.

Jioni ile mumewe alichukua kipande cha mbao nyembamba, akakipaka rangi nyeusi, akakitoboa na kukipitisha kamba ili kikae shingoni mwake. Hivyo ndivyo shangazi alivyoanza kuzungumza kwa chaki. Neno la kwanza aliloandika mezani lilikuwa CHUMVI, kwa herufi kubwa, maana hata maandishi yake yalipaza. Mumewe alimsogezea chumvi, akakohoa, kisha akaanza kutusimulia habari za mteja mmoja aliyeagiza kitanda akakikataa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimaliza hadithi. Ilikuwa ndefu, na mwisho wake haukueleweka. Shangazi alifuta ubao, akaandika: NDIYO HIYO TU? Mzee alicheka mpaka akafuta macho.

Shuleni haikuwa jambo la kucheka. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwembamba aliyetembea na rundo la funguo ambazo nyingi hazikuwa na milango tena. Alimpa shangazi ruhusa ya ugonjwa papo hapo. Shida ni kwamba hapakuwa na wa kushika nafasi yake. Darasa la kwanza lingeunganishwa na la pili, na chumba cha la pili nacho kilikuwa kimeshafurika. Shangazi aliandika NITAKUWEPO.

"Utafundishaje, Mwalimu?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

Mwisho walikubaliana hivi: yeye atakaa darasani na kuandika ubaoni, na wanafunzi wachache wa darasa la saba wataletwa kila siku kutuliza fujo. Kutuliza tu. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilizoea mwandiko wake wa harakaharaka, niwe mdomo wake. Wenzangu walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mvulana tuliyemwita Profesa, anayeongoza darasa kila mtihani. Wa pili ni msichana wa mfanyabiashara wa saruji, tuliyemwita Bibi kwa sababu aliongea kama ajuza tangu udogoni. Wa tatu alikuwa Twiga, msichana mrefu kuliko walimu wengine, aliyekariri madarasa mara mbili na kukaa daima dawati la nyuma ili asizibe ubao.

Asubuhi ya kwanza Profesa alichukua fimbo akasimama mahali pa Spika. Akasema "ba". Sauti yake ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika, ikaanzia chini ikaishia juu, na darasa likaangua kicheko. Bibi akajaribu kuwasihi. "Wajukuu zangu, tulieni basi, kichwa kinaniuma." Wakazidi. Mimi nilisoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye ubao wa shangazi, KAENI CHINI, na hakuna aliyekaa.

Nyuma ya chumba, karibu na mlango, palikuwa kimya. Twiga hakwenda mbele kabisa, aliona haya kusimama palipo wazi na urefu wake wote. Alikuwa amekaa sakafuni na watoto wanne waliokuwa wakigombea penseli, amefungua kitabu magotini. Shangazi aliuona ukimya ule akausogelea. Nami nikamfuata.

Msichana mmoja mwenye pengo alikuwa anasoma. "Mbuzi amekula mkeka. Mama amekasirika." Alisoma vizuri, kwa madaha, kidole kikiteleza chini ya maneno. Twiga alimwacha amalize. Kisha akafunika picha ya mbuzi kwa kiganja chake kipana, akaonyesha neno moja peke yake.

"Hili?"

Mtoto alitazama kiganja, akamtazama Twiga. "Mbuzi," alisema.

Neno lilikuwa mkeka.

"Na hili?"

"Mbuzi?"

Twiga hakushangaa wala hakugomba. "Sasa huku kote ulikuwa unajuaje?"

"Nawasikia wenzangu," alisema mtoto.

"Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo," alisema Twiga. "Mpaka darasa la tatu. Nilikuwa najua kitabu kizima na sijui neno hata moja. Njoo karibu. Hii ni m. Funga mdomo, toa sauti puani. Basi, hiyo ndiyo m. Umeshaishika."

Shangazi alinyoosha mkono akachukua kitabu. Alikwenda kwa mtoto wa dawati la karibu, akafungua ukurasa ule ule, akafunika picha, akaonyesha neno. Akaenda kwa mwingine. Alizunguka chumba kizima asubuhi ile, na fujo ikiendelea pembeni yake hakuijali. Wachache walisoma. Waliobaki walibahatisha, wakimtazama usoni kujua kama wamepatia. Kengele ya mapumziko ilipolia, alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, mikono mapajani, na ubao wake shingoni ukiwa mtupu.

Jioni alisimama mlangoni mwa karakana ya mumewe, akaandika, akamgeuzia: WALIKUWA WANANIIMBIA.

Mzee aliweka randa chini. "Wote?"

Akatikisa kichwa kukataa. WENGI.

"Miaka yote?"

Mzee akapangusa vumbi la mbao kwenye benchi, akampisha akae. "Basi sasa umesikia," alisema. "Ulikuwa huwezi kusikia, mama, na sauti ile. Hata mimi nilikuwa sisikiki."

Nilitegemea kesho yake ataomba ile ruhusa ya ugonjwa aende akajifungie. Mtu mwingine angefanya hivyo, na nani angemlaumu. Yeye aliamka mapema kuliko siku zote, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu akaomba wanafunzi wengine wa darasa la saba, zaidi ya kumi. Kisha akawagawa watoto wake watano watano. Kundi moja likakaa barazani, jingine kwenye ngazi, jingine kivulini mwa tangi la maji, mengine ndani. Ubaoni aliandika maagizo, nami nikayasoma kwa sauti mbele ya wenzangu: Usimsomee. Msubiri. Akikosea usicheke. Funika picha.

Mchana alitukalisha sisi wakubwa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakigusa videvu, akamsimamisha Twiga atuonyeshe. Twiga aliona haya mpaka akazungumza na ukuta. Shangazi alikaa mbele kabisa, kati ya wanafunzi, akiandika kwenye daftari kila alichosema msichana yule kuhusu kufunga mdomo kwenye m na kuachia hewa kwenye p. Sijawahi kuona mtu mzima akimsikiliza mtoto namna ile. Baadhi ya walimu walichungulia dirishani, wakakonyezana wakapita. Aliwaona, akageuza ukurasa.

Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Mimi nilipewa watano, na mmoja wao alikuwa anakula chaki. Bibi alifaulu kuliko tulivyodhani, kwani watoto wadogo hupenda kuitwa wajukuu na mtu aliye karibu na umri wao. Profesa ndiye aliyeshindwa. Hakuweza kusubiri. Mtoto akisita kidogo tu kwenye neno, Profesa ameshalisema. Akasitishwa siku ya tatu, akakasirika akaketi peke yake chini ya bendera. Shangazi akamfuata na mkasi na makatoni. Akamwandikia: MWANDIKO WAKO MZURI KULIKO WANGU. NITENGENEZEE MANENO. Profesa alikata kadi, akaandika neno moja kwenye kila kadi, na kwa kuwa alikuwa na akili isiyotulia, akabuni mchezo wa kuzitupa chini na kuzirukia kwa mguu mmoja ukisoma. Mchezo ule uliwaingia watoto mpaka wakawa wanakuja shuleni kabla ya lango kufunguliwa.

Mambo yalipoanza kukaa sawa, baba yake Bibi alikuja. Alikuja ofisini na sauti yake ikasikika mpaka kwenye tangi la maji.

"Mtoto nimemleta asome, Mwalimu Mkuu. Sikumleta awe yaya. Mtihani wa mwisho uko mlangoni, halafu naambiwa wakati wenzake wa shule nyingine wanapiga hesabu yeye anafuta watoto kamasi."

Bibi akaondolewa kwenye kundi lake siku ile ile. Wajukuu zake watano walikataa kuhamia makundi mengine. Kesho yake walipanga mstari nje ya dirisha la darasa la saba, vichwa vitano vikichungulia, wakauliza kwa heshima kama Bibi amepona.

Shangazi alivaa ubao wake shingoni, akanishika mkono, tukaenda dukani kwa yule baba. Duka lilikuwa limejaa mifuko ya saruji mpaka darini, na mwenyewe alikuwa na vumbi la kijivu kwenye nyusi. Alipomwona, hasira ikapungua kidogo usoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu ukae, hapo pasafi kidogo. Pole na koo."

Shangazi aliandika, nami nikasoma: "Marahaba. Wewe nilikufundisha."

"Ndiyo, Mwalimu. Mkekani pale mbele."

Akafuta, akaandika. Nilisita kabla ya kusoma, akanigusa bega niseme. "Ulikuwa unasoma, au ulikuwa unaimba?"

Yule bwana alikunja uso, akawaza. Kisha akacheka kidogo kwa pua. "Kusema kweli nilikuwa naimba. Kusoma nilijifunza baadaye, kwa marehemu baba yangu, kwenye mifuko hii hii. Lakini, Mwalimu, kwa heshima yote, hilo la zamani na hili la mwanangu ni mambo mawili. Saa mnazomchukua ni saa za hesabu. Uliza mwenyewe ratiba."

Shangazi alinigeukia mimi. Nilitikisa kichwa kukubali, maana ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tunachukuliwa kwenye kipindi cha hesabu kwa kuwa ndicho kilichotangulia mapumziko, na hakuna mtu aliyelifikiria.

Akaandika taratibu kuliko kawaida. "Hapo una haki. Kosa ni langu."

Walipatana pale pale, juu ya mifuko ya saruji. Makundi yatakaa asubuhi kabla ya masomo kuanza, na mtihani ukikaribia wakubwa watapumzishwa, nafasi zao washike wa darasa la sita. Baba yake Bibi akasema siku tatu kwa wiki, si zote, na namba ya mtoto wake ikishuka, basi, mazungumzo yameisha. Shangazi alikubali na hilo pia. Nikiwa njiani nilikuwa nimenuna kwa niaba yake.

"Shangazi, mbona umekubali upesi hivyo? Ulikuwa umeshamshika."

Alisimama kando ya barabara aandike vizuri. SIKWENDA KUMSHIKA. NILIKWENDA KUMTAKA MTOTO WAKE.

Muhula ulipoisha daktari alitazama tena kwa kile kioo, akamruhusu aseme, kidogo kidogo. Alimwambia wazi kwamba sauti ya zamani haitarudi. Tulifika nyumbani, mzee akatoka karakana, na sote tukangoja. Shangazi alisafisha koo. "Umeacha tena gundi wazi," alimwambia mumewe, kwa sauti nzito yenye mchanga ndani yake.

"Karibu nyumbani," mzee akajibu.

Watoto darasani walishtuka walipomsikia. Mmoja aliangalia nyuma ya mlango kutafuta mwanamume aliyezungumza. Kamati ya wazazi, kwa nia njema, ilichanga ikamnunulia kipaza sauti cha betri, kile cha kuning'iniza begani. Aliwashukuru sana, akampa mwalimu wa michezo. Kuanzia hapo alifundisha kwa kuketi. Aliwaeleza watoto wote jambo kwa muda mfupi, kisha akawaachia wakubwa na makundi yao, naye akawa anapita kikundi hadi kikundi, anainama, anasikiliza, anafunika picha. Wageni wa ukaguzi walipokuja hawakukuta tena ukurasa ukisomwa kwa pigo moja. Walikuta vurugu ya sauti ndogondogo, kila moja na mwendo wake, na Mwalimu Mkuu akawa na kazi ya kueleza. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba darasa halina utulivu. Shangazi alisoma taarifa ile, akauliza kama mkaguzi alimsikiliza mtoto hata mmoja. Hakumsikiliza. "Namwelewa," alisema. "Nami nilikuwa hivyo."

Katika mtihani wa mwisho Bibi hakushuka, wala hakupanda. Baba yake hakusema kitu, na kwa mtu wa aina yake hicho ni kibali. Twiga alifaulu, bila makuu lakini alifaulu, na aliniambia mwenyewe kwamba kusoma kwake kulinyooka muhula ule, kwa sababu kila jioni alikuwa akiandaa ukurasa wa kesho asije akaaibika mbele ya yule mwenye pengo. Watu hutegemea niwaambie kwamba Twiga alikuja kuwa mwalimu. Hapana. Ana karakana ya kushona viti vya magari, na anasemekana kuwa mvumilivu sana kwa wanaojifunza kazi.

Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mwezi uliopita nilipata siku ya mapumziko nikapita shuleni kumsalimia shangazi. Ameshastaafu, mshahara umekatika, lakini asubuhi tatu kwa wiki anakwenda, na mwalimu kijana aliyeshika darasa lake anamwachia kiti kidogo karibu na mlango. Nilimkuta ameinama pamoja na msichana wa darasa la sita, na kati yao mtoto mdogo aliyekwama kwenye neno. Shangazi aliniona, akainua kidole nisubiri. Nikasimama barazani. Mtoto alifunga mdomo, akafungua, akarudi mwanzo wa mstari. Yule msichana wa la sita alijing'ata mdomo asimsaidie. Shangazi hakusogea. Wengine walishapigiwa kengele wakatoka wakinipita kwa mbio, nami nikasogea ukutani kuwapisha, mpaka nikamsikia mtoto yule ndani analisema neno lote, kisha linalofuata, kisha mstari mzima.